Sista Celestine Akoth, Aliyetutunzia Kilo Zetu

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Sista Celestine Akoth atavua koti lake jeupe na kulirudisha stoo, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Nakuru kwa miaka thelathini na sita. Kamati ya jarida imeniomba mimi, Chelagat wa maabara, niandike wasifu wake, kurasa mbili hivi, tena nisiwalize watu. Kurasa nitajaribu. Hilo la pili sikuahidi.

Wengi wenu mnamjua kama Sista wa Kliniki ya Uzito, yule mama mrefu ambaye akicheka, wagonjwa wa wodi ya ng'ambo huuliza kumetokea nini. Wachache mnajua kwamba kwa miaka mingi yeye mwenyewe hakuamini kuwa ataiona siku hii. Wanawake wa nyumba ya mama yake hawakuwa wanafika miaka sitini. Mama aliondoka akiwa na hamsini na sita, na dada zake wawili wakubwa hawakufika hata hapo. Wote walikuwa watu wakubwa wa mwili, wenye sukari na presha, na nyumbani kwao lilikuwa jambo la kuzungumzwa wakati wa kula bila hata kupunguza sauti, kwamba damu ya akina mama wa nyumba hiyo ndivyo ilivyo. Kila tulipokata keki ya mstaafu, Sista alikula kipande chake akatuambia tusijisumbue kumwekea yake, atakuwa amelala mchangani. Tulikuwa tukicheka naye, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba hakuwa anatania.

Haya ninayoyaandika ameyasoma yote na kuyaruhusu. Aliongeza pia maneno mawili matatu kuhusu mwandishi, ambayo mhariri ameyaondoa kwa heshima ya jarida.

Sista ni mtoto wa reli. Baba yake, mzee Dalmas, aliletwa Nakuru kutoka Ugenya na kazi ya karakana, na familia ikakaa kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambamo chumba kimoja kilikuwa jikoni, sebule na mahali pa kufanyia homework. Mama yake, Edinah, alikaanga maandazi alfajiri na kuwauzia mafundi getini. Katika nyumba hiyo, mke kunenepa kulikuwa ushahidi kwamba baba analeta kitu nyumbani, na mtoto mwembamba aliwatia wazazi aibu mbele ya majirani. Celestine alikuwa mtoto mwembamba. Picha yake ya siku ya kuripoti kazini, akiwa msichana wa miaka ishirini na minne mwenye kiuno cha nyigu, iko ofisini kwa matroni, na kila muuguzi mpya huonyeshwa na kukataa kuamini.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamishwa ya watoto, kisha akakaa miaka mingi kitengo cha dharura. Kila alikopelekwa alikwenda na themosi yake kubwa ya chai ya maziwa, yenye sukari ya kulitosha kanisa zima. Daktari mgeni akikuta kitengo kimechachamaa, Sista alimmiminia kikombe kwanza, ndipo akamwambia mgonjwa yupi anaanza kuzimia. Nimeona madaktari wakubwa wakimtafuta kwenye korido wakidai wanatafuta faili.

Kliniki ya Uzito ilipofunguliwa miaka kumi na moja iliyopita, hakuna aliyeitaka. Wagonjwa walikuwa na hasira, viti havikuwatosha, na kila mtu aliwaona ni watu wa kujitakia. Sista aliomba apelekwe huko, tena kwa barua. Nilidhani amechoka na kazi ya dharura.

Siku ya kwanza alikuta utaratibu wetu wa zamani. Mgonjwa alipanda mizani mbele ya benchi, muuguzi mmoja akasoma, mwingine akaandika akiwa upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo kilo zilipigiwa kelele. Mia moja na kumi na nane! Na benchi zima likageuka kumtazama mwenye nazo. Sista alisimamisha kazi siku hiyo hiyo. Mama yake alikuwa amepimwa hivyo mara moja tu maishani, katika kliniki moja ya mjini ambayo hata haipo tena, na foleni ikacheka. Edinah alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, na hakuwahi kumwona daktari tena mpaka alipobebwa.

Kesho yake Sista alikuja na kitenge, sindano na uzi, akashona pazia. Tangu hapo, kwake mtu hupimwa nyuma ya pazia, uso ukiangalia ukuta, mgongo kwa namba. Sista husoma, huandika mwenyewe, kisha humwuliza kwa sauti ya chini, "Nikuambie ama nikuwekee?" Asiyetaka kujua siku hiyo, Sista anamwekea, na akiwa tayari wiki ijayo au mwaka ujao, anazikuta zimetunzwa. Mnaocheka jambo hili, nendeni mkaulize ni wagonjwa wangapi waliacha kutoroka kliniki. Mimi huleta mirija ya damu huko kila siku, na niliona benchi likijaa.

Mmoja wao ni Wangeci, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Subukia. Mizani yetu ya wakati huo ilikuwa na mwisho wake, na Wangeci aliupita. Kituo kimoja kilikuwa kimeshamwambia aende akapimwe kwenye ghala la mahindi, kwa mizani ya magunia. Alikuwa hajaenda, na alikuja kwetu akiwa amejiandaa kuambiwa hivyo hivyo. Kwa kweli hatukuwa na njia nyingine siku hiyo. Sista alichukua mkoba wake, akamshika mkono, wakaenda pamoja ghalani. Wapakiaji wakaanza kusukumana na kucheka. Sista, akiwa na sare yake na kofia, akapanda kwanza yeye, akasimama pale juu kama anayesubiri wimbo wa taifa, akawaambia wasome kwa sauti. Wakasoma, kilo mia moja thelathini na nne. Akauliza kama kuna mwenye swali. Hakukuwa na swali, na Wangeci alipopanda hakuna aliyecheka. Kabla ya mwaka kwisha Sista alikuwa amewasumbua wakubwa mpaka kliniki ikapata mizani inayomtosha kila mtu.

Lakini yale yaliyosomwa ghalani hayakumtoka. Miaka yote hiyo alikuwa akiwatunzia watu kilo zao bila kuzijua zake.

Sasa niingie kwenye mambo ya maabara, na nitawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi nyembamba mno za vinasaba, tulizozirithi kwa wazazi, zinazouelekeza mwili jinsi ya kujijenga. Nyuzi hizo hukatika kila siku, kwa kila mtu, na mwili huziunga. Mtu akiwa na mafuta mengi kupita kiasi, mwili wake hukaa kama chumba chenye jiko la makaa lisilozimwa. Moshi huo hula zile nyuzi polepole, na mikato inazidi uwezo wa mwili wa kuiunga. Ikirundikana, magonjwa mabaya, saratani ikiwamo, hupata mlango. Daktari Kimaiyo, aliyekuja kuongoza utafiti kwetu, alikuwa na swali moja: mtu huyo akipungua, je, mikato nayo hupungua? Kazi yangu ilikuwa kuzitandaza chembe nyeupe za damu kwenye jeli, kuzipitishia umeme kidogo na kuziangalia kwa hadubini. Chembe nzima hubaki duara. Iliyokatikakatika huburuta mkia, na mkia ukiwa mrefu ujue madhara ni makubwa. Tulipanga kuchukua damu mwanzo, baada ya nusu mwaka na baada ya mwaka.

Daktari akawaelezea wagonjwa kwamba tutapima DNA. Eh! Hapa kwetu ukitaja DNA, hakuna anayewaza saratani. Watu wanawaza mtoto ni wa nani. Wiki hiyo nusu ya akina mama walijiondoa, na baba mmoja alikuja kutoka Ndabibi kwa bodaboda, helmeti bado kichwani, akitaka kujua ni nani aliyeomba watoto wake wachunguzwe. Daktari Kimaiyo alimchorea mchoro, na mchoro ukamkasirisha zaidi. Sista alimkalisha, akampa chai, akamweleza kwamba hapa hakuna anayemtafuta baba ya mtu, tunatafuta njia ya mama kuwepo mpaka hao watoto wamalize shule. Yule baba alimaliza chai yake, akafikiri, kisha akauliza kama na yeye anaweza kutolewa damu, kwa sababu mshipi wake ulikuwa umefika tundu la mwisho.

Waliobaki na wasiwasi, Sista alikunja mkono wa koti mbele yao akaniambia nianze na yeye. Ndivyo alivyoingia kwenye utafiti.

Majibu yake ya kwanza nilimpa mwenyewe, maabara, akiwa ameketi kwenye kile kiti changu cha juu. Mikia yake ilikuwa mirefu kuliko ya karibu kila mtu tuliyempima. Alimwuliza Daktari Kimaiyo, aliyekuwa nasi hapo, kama hiyo ndiyo damu ya nyumba yao. Daktari hakumdanganya. Alimwambia kuna mambo tunayozaliwa nayo, mwelekeo wa mwili kuweka mafuta ukiwa mojawapo, na hayo hayafutiki. Mikato ni jambo jingine, huletwa na maisha, na kama inaweza kupungua kwa mtu kama yeye ndicho walichokuwa wakitafuta kujua. Sista alishukuru akarudi kliniki. Asubuhi iliyofuata themosi haikuja kazini.

Akaanza. Akaacha sukari, akaacha chapati za saa nne, sahani ya ugali ikawa ndogo na ya sukuma wiki ikawa kubwa. Akaanza kutembea kutoka Kaptembwo mpaka kazini, na waendesha boda wa stage yao, waliomzoea, wakadhani wamemkosea. Hakuwa mpole siku hizo, nisiwadanganye. Mimi binafsi nilifukuzwa ofisini kwake kwa kosa la kutafuna njugu.

Kilo zikashuka, na hapo ndipo mapenzi ya watu yalipomgeukia. Akina mama wa kanisa lake walikutana bila yeye. Kwao, mwanamke wa umri huo hapungui hivihivi. Ama anaugua ule ugonjwa, ama bwana yake amepata mwingine. Mume wake, Mwalimu Sitati, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, akaanza kunyimwa salamu dukani. Mchinjaji wake alimkatia nyama bila kumtazama usoni. Jioni Mwalimu alimsihi mkewe ale hata kidogo tu, watu waache kumfikiria vibaya.

Kisha wakaja, wakiongozwa na Mama Bravin, mwenyekiti wa akina mama. Walibeba unga, mafuta ya kupikia, maandazi, kuku wa kienyeji aliyepikwa tayari na kreti ya soda. Wakaketi wakimtazama ale ndipo waombe. Nyinyi mliokulia nyumba hizo mnajua. Watu wakiacha shughuli zao kuja kukujulia hali, wakakupakulia, huwezi kusukuma sahani, ni kama kuwarudishia huruma yao. Sista alikula. Wakafurahi, wakaimba, wakaahidi kurudi. Na kweli walirudi, kila wiki, na sufuria zilizidi ukubwa. Mizani ikaanza kupanda tena.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, aliomba maikrofoni. Mama Bravin amenisimulia mara nyingi sana kwamba kanisa zima lilijua sasa ugonjwa unatajwa.

"Siumwi, sijaachwa, na Mwalimu hajanikosea lolote," Sista alisema. "Ninapungua kwa kupenda kwangu, kwa sababu nataka kuzeeka. Mkinipenda, msinilishe. Njooni mtembee na mimi."

Mwalimu Sitati alipokea salamu za miezi miwili siku hiyo moja. Na akina mama wakaja kutembea. Mpaka leo, ukikuta Jumamosi kundi la wanawake wenye leso kiunoni wakienda mbio kando ya ua wa mbuga ya wanyama, nyani wakiwakodolea macho, ni hao, na anayepiga kelele mbele ni Mama Bravin.

Nusu mwaka ikafika. Sista alikuwa amepunguza zaidi ya kilo ishirini na sare yake ilikuwa imekazwa na fundi mara mbili. Alinipa mkono nichukue damu akiwa anaimba. Nikaenda kwenye hadubini nikiwa na furaha kama ni yangu.

Mikia ilikuwa vilevile. Nilirudia kazi yote upya, ikawa vilevile. Ya Wangeci pia, kwani naye alikuwa kwenye utafiti, na ya wengi wa wenzao. Daktari Kimaiyo alisema si ajabu, kwamba mwili unaochoma mafuta mengi kwa haraka uko kazini kweli kweli, na huenda unahitaji muda kabla ya kujirekebisha, tusubiri mwaka ukamilike. Nilimweleza Sista yote hayo kwenye korido, maana alikataa kuketi. Nadhani alisikia neno moja tu, vilevile.

"Kwa hivyo Mama alikuwa anasema ukweli," akaniambia. "Sisi ndivyo tulivyo."

Alirudi kliniki akahudumia kila mgonjwa aliyebaki, kwa upole wake wote. Wiki iliyofuata themosi ilikuwa mezani. Jumamosi akina mama walimsubiri wakaondoka bila yeye. Niliumia sana. Mimi ni mtu wa chembe, mwanadamu mzima hunishinda.

Siku ya kliniki, nikiwa nimeleta mirija, Wangeci aliingia kutoka Subukia. Alikuta kikombe na chapati, akatazama, akauliza kuna nini. Sista akasema amechoka tu. Wangeci hakubishana. Alimshika mkono kama Sista alivyomshika siku ile ya ghala, akampeleka nyuma ya pazia, akamsimamisha kwenye mizani, uso kwa ukuta. Nikasikia akimwuliza kwa sauti ya chini kama amwambie ama amwekee.

"Basi nitakuwekea," Wangeci akasema. "Lakini mimi, Sista, mambo ya nyuzi siyaelewi. Mimi nilikuwa naangalia wewe. Ukirudi nyuma, nitamfuata nani?"

Nilisikia Sista akilia. Sijawahi kumsikia kabla ya hapo, hata siku tulizopoteza watoto wadogo mfululizo kule dharura. Pale nyuma palikuwa na wanawake wawili wakubwa na mizani, hapakuwa na nafasi yangu, nikabaki nje na mirija yangu nikisubiri. Walipotoka, Wangeci ndiye aliyeimimina chai yote kwenye sinki, na akaondoka na chapati akisema ni za mbwa wa nyumbani. Huyo mbwa simjui, lakini Wangeci naye alikuwa na safari yake, nikamwachia.

Nusu mwaka ya pili haikuwa ya kuimbiwa. Kuna mwezi alipanda. Kulikuwa na matanga Ugenya, na pale hakuna mtu anayesikiliza habari za sahani ndogo. Alirudi akaanza tena, kimyakimya, bila kutuahidi chochote.

Damu ya mwaka niliichukua asubuhi yenye mvua. Nilipoweka macho kwenye hadubini nilihesabu, nikapumzika, nikahesabu tena. Nikamwita Daktari Kimaiyo atazame bila kumwambia ni ya nani. Akasema, huyu amepona vizuri. Mikia ilikuwa imefupika sana, chembe nyingi zilikuwa duara, nzima. Ya Wangeci ilikuwa imepungua, na ya wengi wa waliofika mwisho. Wapo ambao haikupungua, na Daktari amenikanya nisiandike hapa kama anayehubiri: kundi lilikuwa dogo, na bado hatujui kwa nini baadhi hujirekebisha haraka na wengine hukawia. Nimeandika, Daktari. Sasa niache nifurahi.

Nilikimbia kliniki, mimi ambaye sikimbii. Nilimkuta amemaliza wagonjwa wake, anafuta mizani kwa kitambaa. Nikamwambia. Nilitarajia kile kicheko cha kusikika ng'ambo. Badala yake alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akashika kile kitambaa, akauliza kama ingewezekana kwa mama yake pia. Nikamwambia pengine, hatuwezi kujua, lakini pengine.

"Kwa hivyo Mama hakuumbwa afe mapema," akasema.

Akamlilia mama yake pale, na dada zake, kwa majina, kana kwamba wamezikwa wiki hiyo. Niliketi kando yake nikamshika bega. Miaka yote alikuwa amewaweka moyoni kama watu ambao hakuna mtu angeweza kuwafanyia lolote. Kumbe walihitaji mtu mmoja wa kuwapima bila kuwaaibisha, na muda.

Tangu hapo amefanya mengi ambayo nafasi hainitoshi. Amewafunza wauguzi wanaobaki, na kila mmoja wao amekatazwa kutaja kilo za mtu kwa sauti hata akiwa usingizini. Amezunguka makanisa na vyama vya akina mama, kutoka Kaptembwo hadi Subukia, akiwaeleza kwamba urithi wa damu si hukumu, na kwamba mwili unaopewa nafasi hujiunga. Mtoto wake Quincy naye ameanza mazoezi ya kutembea, baada ya kutishwa kidogo. Yeye na Mwalimu wanahamia Kimilili, kwenye shamba la Mwalimu, na akina mama wa kanisa la huko hawajui ni nini kinachokuja kwao.

Sista, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa kelele zako, kwa lile pazia. Tunakushukuru kwa kila mtu aliyerudi kwetu kwa sababu hukumwaibisha, na kwa njugu zangu ulizozitupa. Kliniki itakaa kimya kidogo, tutaizoea kwa shida.

Jumamosi, siku moja baada ya kutuaga, unatimiza miaka sitini. Hakuna mwanamke wa nyumba ya mama yako aliyewahi kufika huko na kutusimulia kulivyo. Nenda ukaone, Mama Quincy, kwa niaba yao wote. Tunakutakia huko maisha mema, na uzee wa kuchosha wajukuu.

Chelagat, Maabara